Bomba Linatokea Wapi?

6 Mei

Mke wangu mdogo,

Salamu ni nyingi, ukizibeba zote mkono utakuuma, kwa hiyo chukua nusu, nusu uwagawie wenzako hapo hotelini. Sisi huku tunapumua. Goti langu la kushoto limegoma, na la kulia linaiga tu, halina sababu. Paka wa jirani amezaa ndani ya sanduku langu la viatu, sasa naenda dukani na kandambili kama mtu anayetoka kuoga. Bibi yako anakusalimia sana. Amejipumzisha kitandani, ndiyo maana hakuongeza mstari wake hapa chini kama kawaida yake. Basi usianze maswali.

Simu ya mezani imekufa. Nimeipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, wapi. Kwa hiyo tutaandikiana. Mwandiko wangu unaujua. Mimi na shule tulipeana mkono tu darasa la nne, kila mtu akashika njia yake. Vumilia.

Sasa lililonifanya nitafute kalamu. Ile mashine ya kukaushia nguo uliyotutumia kwa lori mwezi wa pili. Mwanzoni ilikuwa na adabu zake. Inazunguka, inanguruma kidogo kama mtu aliyeshiba, ukifungua, nguo zimekauka, kwisha habari. Siku hizi imekuwa na hasira. Naijaza shuka, inazunguka, halafu katikati ya safari inazima yenyewe, na shuka bado mbichi. Nikigusa ubavu wake ni moto, tena si moto wa kikombe cha chai, ni moto wa pasi. Juzi niliweka juu yake chai iliyopoa, nikaisahau, nikaikuta inafuka. Kwa chai nilifurahi. Kwa nyumba sikufurahi. Hata ikiwa imezimwa naiangalia kwa jicho la pembeni, kama mbwa nisiyemjua.

Mvua huku haikatiki, kamba ya nguo inatiririka tu, na mimi siwezi kukaa bila hiyo mashine hata siku moja. Niambie nifanye nini. Si wewe siku hizi ndiyo mtaalamu wa nguo za watu?

Mumeo asiye na meno,
Babu

19 Mei

Babu yangu mtukutu,

Shikamoo. Na mke mwenzangu, Bibi, mpe shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako. Mimi ni mzima. Kazini wamenitoa kwenye kukunja taulo, sasa niko kwenye mashine kubwa ya kupiga pasi shuka, tunailisha wawili wawili, huyu pembe hii, yule pembe ile. Msimamizi wetu anahesabu hata ukipiga chafya. Mwaka wangu wa majaribio unaisha mwezi wa kumi na mbili, na kabla ya hapo ukikosa kazini kwa sababu yoyote umejifukuza mwenyewe.

Babu, habari ya mashine imenikosesha raha. Nimemwendea fundi wa mashine zetu hapa, tunamwita Spana. Anasema mashine ikizima yenyewe katikati inajikinga. Hewa ya moto inakosa pa kutokea, inarudi tumboni. Sasa fanya hivi. Ukifungua mlango, pale chini kwenye mdomo kuna chujio, livute litoke, ulisafishe manyoya ya nguo kila unapokausha. Usiijaze zaidi ya nusu. Usiweke kitu juu yake, hata chai. Usitoke nyumbani ikiwa inazunguka. Halafu lile bomba la nyuma, lile laini linalojikunja kama mkonga, liangalie kama limebanwa au limeziba. Mlipoifunga mlilitoa nje kupitia dirisha la jikoni kama nilivyowaambia? Bomba linatokea wapi?

Na swali dogo. Mko wawili tu hapo. Shuka za nini kila siku?

Bibi aniandikie mstari mmoja, hata wa kunigombeza.

Mjukuu wako

2 Juni

Mke wangu mwenye maswali kama askari wa barabarani,

Barua yako imefika ikiwa imelowa pembe moja, nimeianika juu ya mashine, samahani, uliniambia nisiweke kitu. Shikamoo ya Bibi nimempa peke yake kwenye sahani. Watoto wa paka wamefungua macho na wote wananichukulia mimi ni mama yao.

Chujio nimelitoa. Mtoto wangu! Nimevuta humo kitu cha kijivu, kinene, nikadhani paka mwingine amezalia huko. Manyoya matupu. Nimeshonea mto wa kuegemeza goti. Kwa siku chache mashine ikapata nafuu, halafu ikarudia hasira zake.

Shuka ni za wageni. Wageni wanakuja, wanalala, wanaondoka. Usiniulize majina, wengine hata mimi siwajui.

Bomba lipo, ni zima kabisa, linakusalimia.

Lakini sikiliza, matatizo yamekwisha! Nilimwita Fundi Redio, huyu jirani yetu anayetengeneza kila kitu kwa gundi na matusi. Akaifungua mgongo, akachungulia na tochi, akaniambia, “Mzee, adui yako ni huyu hapa,” akanionyesha kidude kidogo kama kifungo cha shati. Eti ndicho kinachokata umeme mashine ikipata moto. Akakinyofoa, akaunganisha waya moja kwa moja. Sasa inazunguka mpaka mwisho kama mtu mzima, haizimi hata uitukane. Moto umezidi, siwezi kukudanganya, na kuna kaharufu. Lakini shuka zinakauka.

Hebu na mimi nikuulize kidogo. Mbona umeshtuka hivyo kwa ajili ya mashine? Si uliandika kwamba ni mpya kabisa, imetoka kwenye boksi, haijaguswa na mtu? Kitu kipya nacho kinatiliwa wasiwasi?

Bibi yako mzima. Yuko bize.

Mumeo,
Babu

11 Juni

Babu,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Nenda kachomoe plagi ya mashine ukutani. Kachomoe kwanza, halafu urudi uendelee kusoma.

Umechomoa?

Kile kidude kama kifungo ni swichi ya joto. Kimewekwa kife chenyewe, kikipoa kifufuke, ili nyinyi msife. Fundi Redio amekitoa, sasa hakuna kitu cha kuizuia. Itapanda moto mpaka manyoya yaliyomo ndani yashike. Nilipomsomea Spana barua yako aliweka kikombe chake chini, akakaa. Huyu mtu hakai, Babu, nimefanya naye kazi tangu nifike, sijawahi kumwona amekaa. Akaniuliza, “Hao ni watu wako?” Nikamwambia ndiyo. Akasema, “Andika sasa hivi.”

Nimekwenda kumbembeleza karani wa ofisini anipe simu. Nimepiga asubuhi, nimepiga mchana, na sasa hivi tena. Inaita, Babu. Inaita mpaka inakata. Simu iliyokufa haiiti.

Bomba linatokea wapi? Nimekuuliza, ukaniambia linanisalimia.

Na wageni gani hao? Nyumba ile haijawahi kulaza mgeni, kitanda cha ziada kina mguu mmoja wa tofali.

Kwa nini naogopa, usiniulize. Chomoa tu.

Mjukuu wako

17 Juni

Mke wangu,

Sijapata jibu lako bado, ila mkono umeniwasha nikaona nikuandikie. Posta yetu nayo ina magoti kama yangu. Habari za hapa ni mvua. Watoto wa paka nimewapa vyeo: huyu mkuu wa majeshi, huyu karani, huyu wa mwisho mlevi, anatembea upande upande.

Mashine inafanya kazi. Kaharufu kamekua kakawa harufu, kama nywele zilizoungua. Foronya moja imetoka na ukingo wa kahawia, kama mkate. Nimeigeuza upande wa pili, haionekani. Na rangi ya ukuta wa chumbani inabanduka vipande vipande, ukuta unatoka jasho kunizidi mimi. Fundi Redio anasema ni unyevu wa mvua, lakini akisema hivyo haniangalii usoni. Kwa kweli siku hizi ikianza kunguruma najikuta nimesimama mlangoni na ndoo ya maji. Halafu najiuliza, maji na umeme? Naweka ndoo chini. Halafu naiokota tena.

Bibi yako yuko raha mustarehe. Ana kijiko chake, anagonga ubao wa kitanda akinitaka, malkia mzima. Akigonga najua baridi imemwingia, naenda kuwasha mashine, basi anatulia. Siku nyingine hatulii, anazidi kugonga, nami nazidi kuongeza. Mwanamke huyu hajatosheka na mimi miaka yote hii, leo atosheke na mashine?

Haya, ulitaka mstari wake, huu hapa:

“Mjukuu wangu mpendwa, mimi ni mzima kabisa. Msikilize sana babu yako kwa sababu ana akili nyingi. Bibi.”

Umeridhika?

Mumeo,
Babu

30 Juni

Babu,

Shikamoo. Nimeomba sana kabla ya kufungua bahasha yako, nikidhani utasema umechomoa plagi. Kumbe uliandika kabla barua yangu haijafika. Kwa hiyo siku zote hizi nilizokuwa nalala nikijua imezimwa, ilikuwa inawaka.

Bibi hajawahi kuandika kwamba una akili nyingi. Hata siku ya kukuzika hatasema. Mstari ule ni wako, na hata mwandiko hukujisumbua kuubadilisha.

Nimekaa na barua zako kitandani, nimezisoma moja baada ya nyingine. Umesema Bibi akisikia baridi unakwenda kuwasha mashine. Mashine iko jikoni, Babu. Bibi yuko chumbani. Mtu wa chumbani anapataje joto kwa mashine ya jikoni? Na ukuta unaotoka jasho ni wa chumbani, si wa jikoni. Mara mbili nimekuuliza bomba linatokea wapi. Sasa sikuulizi tena. Linatokea chumbani kwa Bibi.

Na mtu anayelala mchana, anayeita kwa kijiko badala ya kupaza sauti, sauti ile iliyokuwa inanitoa mtaa wa tatu nikicheza, mtu ambaye shuka zake zinabadilishwa kila siku. Bibi ana nini?

Na mimi niseme langu, maana nimekudai ukweli nikiwa nimekalia wangu. Mashine haikuwa mpya. Ilikuwa ya nyumbani kwa meneja. Mkewe aliitoa nje akisema inaunguza nguo. Spana aliibadilishia swichi ya joto, akaijaribu, akasema ni nzima. Nikaipangusa mpaka inang'aa, nikawaandikia ni mpya. Nilitaka mwone nimefika mahali. Tangu barua yako ya kwanza, kila nikivuta shuka kwenye ile pasi kubwa naona nyumba yenu inaungua, na kiberiti nimewatumia mimi, kwa lori, nimekilipia na nauli.

Nijibu. Utani weka pembeni kwa jibu hili. Hili moja tu.

Mjukuu wako

9 Julai

Mjukuu wangu,

Umesema nisifanye utani. Nitajaribu. Ukinitoka, uhesabu kama kikohozi.

Barua yako ya kuniambia nichomoe ilifika wakati plagi imeshachomolewa na mtu mwingine. Ya pili nimeipata jana. Nimeisoma nimesimama, nikaona nikae.

Bibi yako alianguka mwezi wa tatu, akipanga vikombe. Kiharusi. Upande wa kulia umelala. Daktari anasema akili yake iko palepale, maneno anayo yote, ila mdomo haumtii. Anasema ataendelea kupata nafuu, pole pole, tusichoke. Shuka ni zake. Hakuna wageni.

Baada ya kutoka hospitali alikuwa anatetemeka usiku na mchana. Blanketi tatu na anatetemeka. Mimi nimekaa jikoni naiangalia ile mashine inatupa hewa ya moto dirishani, bure, inawapasha moto ndege. Nikasema hapana. Nikanunua bomba jingine, nikaliunga kwenye lile, nikatoboa ukuta, nikalipeleka mpaka ubavuni kwa kitanda chake. Siku ya kwanza aliacha kutetemeka, akanitazama, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mjukuu wangu, kwa kicheko kile ningetoboa nyumba nzima.

Ila bomba lilikuwa linatema manyoya, akawa anakohoa. Nikachukua soksi yake ndefu, ile ya sufu, nikaifunga kwenye mdomo wa bomba ichuje. Nikajiona injinia. Baada ya hapo ndipo mashine ilipoanza hasira. Unaona? Kabla ya soksi ilikuwa na adabu, nilikuandikia mwenyewe kwa mkono wangu. Soksi ilijaa manyoya, hewa ikakosa pa kwenda, kama alivyosema huyo Spana wako. Kwa hiyo kiberiti hukututumia wewe. Mashine kuwa ya mtumba si kitu, hata mimi bibi yako alinichukua nikiwa nimeshatumika. Samahani, kikohozi.

Ilikuwa Jumanne mchana. Nilikuwa jikoni namenya viazi, mashine inazunguka. Akaanza kugonga. Nikamwambia kwa sauti, “Nakuja mama, naongeza!” nikaongeza. Akagonga kwa nguvu zaidi. Nikaongeza tena. Akagonga bila kupumzika, nikamwambia, “Mwanamke, subiri basi, moto unakuja!” Ndiyo, nilisema hivyohivyo. Halafu nikasikia kikombe kimepasuka kwenye mlango. Nilipoingia, chumba kimejaa moshi, soksi imevimba kama mguu wenye maji na inafuka, na yeye amejivuta mpaka ukingoni, mkono mmoja unaning'inia, macho kwangu.

Nililishika bomba kwa mikono yangu nikalinyofoa, ndiyo maana leo unaona mwandiko umezidi ubaya. Nikapiga kelele. Fundi Redio aliruka ukuta, sikujua kwamba anaweza, akachomoa plagi, akanishikia godoro upande wa pili, tukambeba bibi yako na godoro lake mpaka barazani. Nyuma ya mashine moto ulikuwa umeshashika manyoya. Tuliuzima kwa shuka zake, zile mbichi zilizokuwa zinangoja zamu. Zilizotusumbua ndizo zilizotuokoa.

Yeye hakuungua hata unywele. Kifua kilimsumbua siku mbili, daktari amemwangalia, kimetulia. Jikoni ukuta mmoja ni mweusi. Mashine iko nje, paka wamehamia.

Sasa sikia lililonikaa kooni. Pale barazani mvua inapiga bati, nilimwambia, “Gonga mara moja kama ni ndiyo, mara mbili kama ni hapana.” Wazo hilo lilinijia siku hiyo tu, baada ya miezi yote ile. Nikamuuliza, “Ulipokuwa unagonga, ulikuwa unasikia baridi?” Akagonga mara mbili. “Joto?” Mara moja. Nikamuuliza, “Leo tu?” Mara mbili. Fundi Redio akainuka akaenda kutazama mvua.

Ile baridi ilikuwa imemtoka zamani. Wiki zote zile alikuwa ananiambia zima, nami nawasha. Miaka yote niliyoishi naye nilidhani akinyamaza nitajua anachosema. Kumbe nilikuwa najua kwa sababu alikuwa anapiga kelele.

Simu haikufa. Niliichomoa mimi, kwa sababu ungetaka kuongea naye. Fundi Redio nilimwapisha asikuandikie, akaapa, ndiyo maana haniangalii usoni. Baada ya moto nimeichomeka tena, na kumbe sasa imekufa kweli. Mungu ana utani kunishinda.

Siku unaondoka bibi yako alisimama mlangoni akasema lolote litakalotokea usiitwe kabla mwaka wako haujaisha. Unakumbuka. Mimi nimejificha nyuma ya neno hilo. Na bado nakuambia, usije. Maliza mwaka wako. Angekuwa na mdomo angesema hivyohivyo.

Babu

20 Julai

Babu,

Shikamoo, na pole ya mikono. Nililia chooni, nikarudi kwenye pasi. Sikukasirikii. Labda kidogo, kwa ajili ya simu. Fundi Redio mwambie nimemsamehe ile swichi kwa sababu ya ule ukuta alioruka.

Kuanzia hapa barua si yako. Ni ya Bibi. Umsomee kwa sauti, neno kwa neno, bila kutia chumvi, na Fundi Redio awepo asikilize.

Bibi, mke mwenzangu, shikamoo. Sikujua. Ningejua ningekuwa nimeshakuja, na huenda ndiyo sababu hawakuniambia. Hapa kazi inakwenda vizuri. Nikiondoka sasa hawatanirudisha, msimamizi amenijibu hata kabla sijamaliza kuuliza. Nakuambia hili ulijue, nisikufiche kitu, lakini sikuambii ili uamue kwa ajili ya kazi. Kazi ni yangu, nitajua la kufanya nayo. Spana ana ndugu yake mwenye duka la dobi huko kwenu, mtu anayejua mashine atapata pa kushika.

Ninachouliza ni kimoja. Unataka nije?

Babu anasema ungekuwa na mdomo ungesema nisije. Lakini Babu ndiye aliyesema unasikia baridi.

Gonga, Bibi. Nitafanya utakavyogonga.

Mjukuu wako

2 Agosti

Mke wangu mdogo,

Mvua imekatika. Kamba ya nguo imejaa shuka mpaka inagusa ardhi, zinapigwa na jua la bure. Mkuu wa majeshi na karani wamepata wenyewe, mlevi amebaki na mimi. Mikono inapona, ngozi mpya ya waridi kama ya mtoto, Fundi Redio ananiita bwana harusi. Yeye mwenyewe analeta maji kila asubuhi bila kuombwa, na vitu vya umeme havigusi tena hapa kwetu.

Barua nimemsomea. Fundi Redio alikaa kwenye kigoda kama shahidi wa mahakamani. Sikutia chumvi. Nilipofika kwenye swali lako niliacha kusoma, nikajifanya natafuta miwani, na miwani ninayo usoni. Nilikuwa naogopa. Akisema usije, nitakuandikia vipi? Akisema uje, ndiyo kusema miezi yote hii nilimnyima na wewe pia.

Nikasoma. Akagonga mara moja.

Nikamwambia sijasikia vizuri, maana masikio haya yana historia mbaya. Nikamuuliza upya. Mara moja. Nikamwambia, “Fikiria kazi ya mtoto, mama, ulisema mwenyewe pale mlangoni,” nikamuuliza mara ya tatu. Hapo hakugonga. Alinirushia kijiko, kikanipata kwenye lile goti lililogoma, na Fundi Redio akasema, “Mzee, hata mimi nimeelewa.”

Kijiko kimeingia uvunguni na mimi siwezi kuinama. Utakiokota ukifika.

Mstari wa chini ni wake. Kauandika kwa mkono wa kushoto, umechukua asubuhi nzima. Sikumshika mkono wala sikumwambia aandike nini. Utaona mwenyewe.

Babu

Njoo. Babu hana akili.